Karibu Kiti, Bwana Mudiri

Kizingitini, Jumatatu ya pili ya Mfunguo Tano, 1330

Kwa dada yangu Bi Mwanamkisi, mlinzi wa nyumba yetu,

Salamu zikufikie wewe na mwanetu Twahira, na yule paka asiyenipenda. Mimi ni mzima. Samaki huku ni wengi hata nimeanza kuota nina mapezi. Barua hii naileta kwa mkono wa Husseini, ambaye mashua yake husomba papa mkavu, kwa hiyo isome karibu na dirisha.

Najua barazani wananicheka. Waache. Miaka yote nimewaambia pale kwamba mtu anayekula mshahara wa Serikali ni kama kasa aliyelazwa chali: miguu inakwenda, safari haipo. Niliandika na makaratasi ya kuwasuta, nikayagawa baada ya Ijumaa. Sasa kasa ni mimi. Serikali imetafuta Amu nzima mtu mwenye elimu, mwisho ikaona haina budi kunijia, nami nikakubali kwa ajili ya umma. Hivyo ndivyo ninavyolieleza jambo hili, na nakuomba nawe ulieleze hivyo hivyo.

Ofisi ni chumba kimoja cha mawe chenye dirisha la baharini. Watumishi tuko watatu: Mudiri Famau, mkubwa wetu, askari Barka, anayesimama mlangoni, na mimi karani, ninayesimama mezani. Usidhani nimekosea. Nasimama.

Karani aliyenitangulia alikuwa akiandika kama walivyoandika watu wote tangu kuumbwa kalamu: chini, juu ya mkeka, karatasi gotini. Siku moja akaja Mzungu wa ukaguzi, akamkuta hivyo, akasema hii ni ofisi, si chuo cha Kurani cha watoto. Ikaletwa meza kubwa kama kitanda, na ikatoka amri kwamba karani asionekane tena chini saa za kazi. Kiti hakikuletwa. Kiti kilichopo ni kimoja, nacho ni cha Mudiri. Kwa hiyo naandika wima tangu asubuhi, nikibadilisha mguu kama korongo, na jioni kiuno changu kinanisomea kila neno nililoandika.

Nimeliandikia boma la Serikali kuomba kiti. Unanijua. Nilianza na haki ya mfanya kazi kulipwa kabla jasho lake halijakauka, nikapita kwa wafalme waadilifu wa Uajemi, nikaligusa gazeti moja la Misri, nikamalizia na kiuno. Jibu limerudi mstari mmoja: karani wa daraja lako anastahili meza.

Sasa naja kwenye haja yangu. Kile kiti cha enzi cha babu, cha mpingo, kilichoko chumba cha ndani, nifungie katika gunia umpe Husseini. Huko kinakaliwa na vumbi tu.

Mwambie Twahira nimesikia habari ya posa na nimefurahi. Marehemu ndugu yetu Fadhil aliniachia uwalii wake, na ni mimi ami yake nitakayemwozesha. Arusi ikiwekwa wakati wowote nitaomba ruhusa nije. Hakuna Serikali inayoweza kumnyima mtu jambo kama hilo.

Ndugu yako, msomi aliyesimama,
Mahdi

*

Amu, mwanzo wa Mfunguo Sita

Ndugu yangu Mahdi,

Barua yako imefika. Nimeianika juani siku nzima, kisha nikaisoma. Sisi ni wazima. Ukuta wa uani umetengenezwa. Barazani hawakucheki, wanasema tangu uondoke hawana wa kubishana naye, na sasa wanaimaliza kahawa ikiwa bado moto.

Arusi imewekwa mwishoni mwa Shaabani. Mposaji, Hadi, amekubaliwa, na Twahira amekubali kwa kunyamaza, ingawa kunyamaza kwake kulisikika mpaka kwa jirani, kwa vile alivyokuwa akicheka.

Kiti hakiji. Umesahau kiti kile ni cha nini? Babu hakukikalia hata siku moja, wala baba. Mwenye nyumba hukaa mkekani. Kiti ni cha mgeni wa heshima, na cha bwana arusi siku anapoingia. Tena mgeni akishaambiwa karibu kiti, haambiwi inuka. Ndiyo maana babu alikuwa akichagua sana wageni.

Bi Ummu, mamake Hadi, alikuja Alhamisi. Alikunywa kahawa yangu, akatazama dari, akauliza, "Na kile kiti chenu, Bi Mwanamkisi, bado kiko?" Nikamwambia kiko. Akasema, "Alhamdulillahi. Maana watu husema mengi kuhusu nyumba hizi za zamani." Wanaume wa kwao wote walikalishwa viti vya enzi walipooa. Mwanawe akiingia kwetu akakalishwa juu ya kasha, habari itafika Shela kabla ubwabwa haujaiva.

Kama kiuno kinauma, geuza kinu ukalie. Mimi nashona kofia nikiwa chini tangu ujana wangu, na kiuno changu hakijamwandikia mtu barua.

Nakwenda Shela na Twahira kwa Maulidi, kwa shangazi Tima. Tutarudi mwezi ukipinduka. Shangazi asema nikuambie, "Ndia ya kurudi haijafungwa."

Mwanamkisi

*

Kizingitini, mwisho wa Mfunguo Sita

Dada mpendwa,

Salamu nyingi, na za shangazi Tima nimezipokea kwa mikono miwili. Mvua imeanza kunyesha huku. Nahodha mmoja amepata mwana, amemwita jina la babu yetu, jambo lililonigusa sana.

Nilipita Amu siku chache za Maulidi kwa kazi ya Mudiri. Nilibisha hodi, nikawakosa, nikaingia kwa ufunguo wangu. Nyumba nimeikuta salama kabisa. Ukuta wa uani wamejua kuutengeneza. Paka alikuwapo.

Sina mengi. Utaona mwandiko wangu umetulia kuliko barua ya kwanza. Hewa ya bahari ina manufaa yake.

Mahdi

*

Amu, Mfunguo Saba

Mahdi,

Sote wazima. Ukuta hausemi kitu.

Nimekuta sakafuni mahali panne pasipo na vumbi, na pengine papana mbele yake, mahali pa kuwekea miguu. Paka hana nguvu za kubeba mpingo. Kiti kiko wapi?

Mwanamkisi

*

Kizingitini, katikati ya Mfunguo Nane

Kwa dada yangu, ambaye ana haki ya kutoifungua barua hii,

Amani iwe juu yako na juu ya Twahira. Nimechelewa kujibu. Sababu ya kwanza ni kazi. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa natafuta namna ya kuieleza habari hii ambayo ndani yake mimi si mjinga. Nimeitafuta mwezi mzima. Haipo.

Kiti nilikichukua mimi. Nilikifunga gunia, nikakiteremsha pwani na Husseini, na aliyeuliza nikamwambia ni mali ya Serikali. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza nikiwa mtumishi, na nakiri ulinitoka kwa ulaini.

Nikakiweka nyuma ya meza, nikaketi. Nilikaa asubuhi moja. Niliandika barua ambazo mwenyewe nilizionea fahari. Nikajisemea, haya ndiyo waliyonayo mawaziri. Si akili, ni mgongo uliopata pa kuegemea.

Kisha Mudiri akaingia.

Mimi nimelelewa na mama yule yule aliyekulea wewe. Mtu mzima akiingia ulipo, na kiti cha kwenu kipo, mdomo haungoji akili. Nilisimama nikasema, "Karibu kiti, Bwana Mudiri." Nililisikia neno likitoka kama mtu anavyosikia mtungi ukimteleza mkononi.

Mudiri akakizunguka kiti, akapapasa nakshi za pembe za ndovu, akauvuta kidogo uzi uliosukwa mgongoni. Akasema, "Wallahi, karani, hukuwa na haja." Pale ningenyamaza, mambo yangekwisha. Mimi nikasema, "Hapana, keti, utanivunjia heshima." Akaketi ili asinivunjie heshima. Anaendelea kunihifadhia heshima yangu mpaka leo.

Utauliza habari ya kiti chake cha kwanza, kile cha Serikali. Nilikitupia jicho saa ile ile. Lakini kabla sijakigusa alimwita Barka akipeleke nyumbani kwa mkewe, Bi Hadia, kwa kuwa ofisi ndogo haina nafasi ya viti viwili. Kwa hiyo mambo yamerudi yalivyokuwa: Mudiri ameketi na mimi nimesimama, isipokuwa sasa nasimama mbele ya kiti cha babu yangu mwenyewe.

Laiti ingeishia hapo. Zamani kiti cha Mudiri kilikuwa kigumu, naye adhuhuri ikiingia alikuwa akienda zake, nasi tukatoka. Sasa hainuki mpaka alasiri. Siku nyingine hulala humo, miguu juu ya ubao, na hakuna mtumishi anayetoka kabla ya mkubwa wake. Barka alinijia jana, uso umemvimba.

"Bwana karani," akasema, "kabla ya kiti chako nilikuwa nikila cha mchana nyumbani kwangu."

Nikamwambia subira ni nusu ya imani. Akasema, "Basi nipe hiyo nusu nyingine, hii nimeshakuwa nayo tangu asubuhi."

Na watu wa hapa nao, waliposikia ofisi ina kiti cha enzi, wameamini kwamba sasa pana hukumu ya kweli. Mambo waliyokuwa wakiyamaliza wenyewe nje ya msikiti, mbuzi aliyekula mkeka wa mtu, ukuta ulioinamia kwa jirani, yote yanaletwa kwetu, na yote nayaandika mimi, wima.

Mimi niliyepiga kelele miaka yote kwamba mtawala hujengwa na wanaomwinamia, nimemjenga wangu kwa mikono yangu, nikampa na mahali pa kuwekea miguu.

Siwezi kumwinua. Unajua siwezi.

Mahdi

*

Amu, Mfunguo Tisa

Ndugu yangu,

Salamu. Twahira mzima, mimi mzima, shangazi Tima ana kikohozi lakini anakitumia vizuri kukatiza maneno ya watu.

Barua yako niliisoma peke yangu kwa hasira. Kisha Twahira akaniomba nimsomee, akacheka mpaka akaegemea mlango. Mimi sikucheka. Nilipofika kwenye nusu ya imani nilikohoa.

Bi Ummu alikuja na dada zake kukitazama chumba. Nilijua watakuja. Nilikuwa nimepandanisha makasha mawili, nikayafunika kwa shuka ya hariri ya mama, nikasema kiti kimefunikwa kisipatwe na kijicho mpaka siku ya arusi. Bi Ummu akakitazama sana. Akasema, "Kimenenepa." Nikamwambia, ni shuka.

Twahira asema anaolewa na Hadi, haolewi na kiti. Ni msichana mzuri, na hajui kitu. Hadi ni mpole na anampenda. Hilo hata paka analijua. Lakini mamake alimtakia binti wa nyumba nyingine, na tangu posa ipite anatafuta mlango wa kutokea. Akiinua shuka ile, mlango ameupata: atasema nyumba hii imeuza heshima yake, na mwanawe haingii nyumba isiyo na pa kumkalisha. Na Hadi hajawahi kumkatalia mamake neno.

Nataka kiti kabla ya mwisho wa Shaabani. Na namtaka walii. Umenisikia mimi nikiomba kitu katika maisha yangu?

Mwanamkisi

*

Kizingitini, mwanzo wa Rajabu

Kwa dada yangu,

Salamu kwenu nyote, na shangazi Mungu amwondolee kikohozi au amwongezee, apendavyo mwenyewe.

Niliomba ruhusa. Mudiri hakukataa, ni mtu mwema akishaketi. Akaniambia nijiandikie barua ya kuniombea ruhusa kwa boma, yeye atatia sahihi. Nikaiandika, nikajisifu kwa kiasi. Jibu likaja, nikalifungua mimi, nikamsomea mimi: karani ataruhusiwa akipatikana karani wa kushika mahali pake. Mudiri akasikitika. Akasema, "Basi waandikie kwamba huku hakuna karani mwingine." Nikawaandikia. Yaani nimeandika kwa mkono wangu ushahidi wa kwamba siwezi kuondoka, na kwa hati nzuri.

Nilimwuliza Barka anavyofanya yeye. Mamake yuko Siyu, kwenda ni asubuhi moja tu kwa miguu, na hajamwona tangu Idi ya mwaka jana. Nikasema kwa nini haombi ruhusa? Akasema, "Mimi nani aniandikie? Wewe wajiandikia mwenyewe na hupati."

Ndipo nikawaka. Nimekata shauri, dada: naacha kazi. Serikali ilinitafuta yenyewe, na nikiondoka itajua imepoteza nini. Na mwenye kiti akiondoka, mgeni hana wa kumkaribisha. Nitabeba kiti changu mbele ya macho ya Kizingitini nzima, nirudi Amu niwe mtu huru, na makaratasi yangu yatarudi kugawiwa kila Ijumaa. Nimeanza kuiandika barua ya kuachia kazi. Nimeeleza historia ya utumishi tangu zama za Firauni. Kurasa zimekuwa nyingi na bado sijafika mahali ninapoacha kazi.

Mahdi

*

Amu, katikati ya Rajabu

Mahdi,

Sote wazima. Husseini anangoja mlangoni, kwa hiyo sitazunguka.

Usiache kazi. Serikali haikukutafuta. Nilikwenda mimi kwa mke wa mkubwa mmoja, sitamtaja, kwa mlango wa nyuma, na kofia niliyoshona kwa miezi kama zawadi ya mumewe. Nikamwambia nina ndugu amesoma vitabu vyote vya mji huu na hakuna hata kimoja kilichomlisha. Akauliza, "Ndiye yule wa makaratasi?" Nikasema ndiye. Akacheka, akasema, "Basi apewe kazi ya kuandika, achoke." Sikukuambia kwa sababu ulirudi nyumbani siku ile umefurahi, ukanieleza namna walivyokuhitaji.

Sasa sikiliza. Mgeni haambiwi inuka, lakini hualikwa. Mwalike Mudiri. Mwambie yeye ndiye mgeni wetu mkubwa katika arusi ya Twahira, na kwamba kwetu mgeni mkubwa hasafiri akaacha kiti chake nyuma. Atakuja nacho. Akija yeye, hakuna Mudiri ofisini. Na Mudiri asipokuwapo, karani aandike maneno ya nani? Mwache yeye mwenyewe alione hilo.

Na bwana arusi akiingia, kila mtu humwinukia, hata awe sultani, kwa sababu siku saba za fungate mfalme ni yeye. Hutamwinua wewe. Atamwinua Hadi.

Chana ile barua ya Firauni.

Mwanamkisi

*

Kizingitini, mwanzo wa Shaabani

Dada,

Salamu fupi.

Amekubali. Kwanza aliuliza kama wakubwa wa Amu watakuwapo wamwone amekalia nini. Nikamwambia watakuwapo. Ameagiza joho jipya.

"Na ofisi?" akauliza. Nikasema Barka atailinda. Barka, kutoka mlangoni, akasema, "Mudiri hayupo, karani hayupo, kiti hakipo. Nalinda meza?" Mudiri akaamuru ofisi ifungwe. Barka anakwenda Siyu kwa mamake. Amefua kanzu mara mbili na safari haijafika.

Tutapanda mashua ya Husseini. Kiti kitakaa mbele, Mudiri ndani ya kiti, na mimi nitasimama. Nimeshazoea.

Habari ya ile kofia na mlango wa nyuma nimeisoma. Nimekaa nayo siku kadhaa. Barua ya Firauni nimeichana, isipokuwa ukurasa huu, ambao ulikuwa mweupe upande mmoja, na ndio ninaokuandikia.

Mahdi

*

Kizingitini, siku ya kumi ya Mfunguo Mosi

Kwa dada yangu Bi Mwanamkisi,

Idi njema iliyopita, na Mungu aipokee saumu yenu. Nisalimie Twahira na mumewe. Nimesikia Bi Ummu anamsifu mkwewe mbele za watu. Kumsifu nyuma yao kutakuja polepole.

Hata sasa nikifumba macho namwona Mudiri siku ile. Kifua mbele, joho jipya, mikono juu ya mpingo. Zumari linasogea, watu wanainuka mmoja mmoja, naye anatazama huku na huku kama mtu aliyesikia harufu ya moto na hajui ni nyumba ya nani. Kisha Hadi akasimama mbele yake. Maskini, aliinamisha kichwa tu. Nikamwona Mudiri akiinuka, na nikauona mdomo wake nao ukishindwa kuingoja akili: "Karibu kiti, bwana arusi." Nilitaka kumkumbatia. Na wewe uliyekuwa nyuma ya pazia, nilikusikia ukikohoa.

Nilipomwozesha mtoto wa Fadhil sauti ilinikatika. Watu walidhani ni machozi. Nilikuwa natafuta maneno machache, na unajua hayo sina mazoea nayo.

Sasa habari za kazi. Tulirudi ofisini, hakuna kiti kabisa. Mudiri akamtuma Barka nyumbani kwake akakirudishe kile cha Serikali. Barka akarudi mikono mitupu na maneno ya Bi Hadia: "Mwambie, tangu Mfunguo Sita mume wangu nilikuwa simwoni mpaka alasiri, kiti hiki ndicho kilichokaa nami. Nimekizoea. Akikitaka aje akikalie hapa." Kwa hiyo Mudiri sasa adhuhuri haimkuti ofisini. Anakwenda kwake kuketi. Nasi tunatoka. Barka anakula cha mchana kwake na hanisemeshi tena habari za subira.

Lakini asubuhi je? Mudiri alinitaka niliandikie boma aletewe kiti. Niliiandika barua ile kwa moyo wangu wote, pamoja na wafalme wa Uajemi, na mahali pa kiuno changu nikatia chake. Jibu limerudi mstari mmoja: Mudiri alikwisha kupewa kiti. Aliusoma mwenyewe, akaugeuza nyuma kutazama kama kuna zaidi. Akasema, "Karani, hawa watu hawana adabu." Nikamwambia mimi nilikuwa nikilisema hilo barazani kwa miaka, na kwamba nina makaratasi. Akasema, "Yalete."

Tulisimama siku chache, yeye upande huu wa meza na mimi upande ule, kama majogoo wawili wasiojua waanzeje. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Yule karani wa zamani alikuwa akiandika vipi?"

"Chini, Bwana Mudiri. Mkekani."

"Na mkeka ule uko wapi?"

Tunaandika chini sasa, sote wawili, kinyume cha amri, karatasi gotini. Kiuno changu kimenyamaza. Barka amepewa kazi ya kuitazama bahari, mashua ya boma ikionekana apige kikohozi nasi turuke mezani. Alisema kutoka mlangoni haoni vizuri, na mahali pazuri pa kuona ni juu ya meza. Tumemruhusu. Kwa hiyo ukiingia katika ofisi hii ya Serikali asubuhi yoyote utamkuta Mudiri chini, karani chini, na askari amekaa juu ya meza amekunja miguu, na kila anayekuja na shauri lake humsalimu yeye kwanza.

Kama hutaona uzito, nipatie mkeka mpana wa kwetu. Huu ni mdogo na tunagombania ukingo.

Kiti kibaki huko. Sitakitaja tena.

Ndugu yako aliyeketi,
Mahdi

*

Amu, Mfunguo Pili

Ndugu yangu Mahdi,

Salamu kwako na kwa mkubwa wako. Mkeka ndio huu, Husseini asiuweke juu ya papa. Nimetia na kofia mbili: yako, na moja ya Barka. Asante ya mwenye kulinda bahari.

Twahira mzima, amenenepa kidogo. Shangazi Tima kikohozi kimepona, hana furaha. Barazani wamesikia habari za ofisi yenu, sijui kwa nani, na sasa kahawa inapoa tena.

Nyumba imekuwa kimya tangu mtoto aende kwa mumewe. Juzi nilifagia chumba cha ndani, nikakifuta kiti, nikapaka mpingo mafuta, pembe nikazisugua kwa ndimu. Nikasimama nikakitazama. Miaka yote hii nimewakaribisha watu humo: wageni wa babu, wageni wa baba, bwana arusi huyu na yule, na Mudiri wako. Nikauchungulia mlango, hakuna mtu. Nikasema, "Karibu kiti, Bi Mwanamkisi."

Nilikataa kwanza, kwa adabu. Nikajikaribisha mara ya pili. Nikaketi.

Ni kigumu, Mahdi. Uzi wa mgongo unachoma, na ubao wa miguu ulitengenezewa mtu mrefu. Sijui nyinyi wanaume mliona nini humu. Lakini nilishona kofia nzima upande mmoja mpaka magharibi, na paka akaja akanilalia, na leo nimeketi tena, na barua hii naiandika humo humo. Husseini ameniita mara mbili kutoka nje anataka kuondoka.

Angoje. Mgeni haambiwi inuka.

Dada yako,
Mwanamkisi